Jengo Kwao, Deni Kwetu

Ukizaliwa Wabera, hapa mjini Isiolo, ukasoma hadi ukafaulu kidato cha nne, chuo kikuu lazima ukifuate kwa gari. Cha umma kilicho karibu zaidi kiko Nchiru, upande wa Meru, na njia ya kwenda huko inapanda kutoka kwenye joto letu hadi unaanza kutafuta sweta. Hapo unashuka mbele ya lango la chuo ambacho ardhi yake ilitolewa na wazee wa Njuri Ncheke, na ndani unakuta majengo ya zama tofauti tofauti: ya mawe, ya vioo, na lile ambalo mafundi bado wako juu yake. Kaunti ya Isiolo haina chuo kikuu cha umma chenye hati yake yenyewe. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa upesi kabla hujamaliza kumeza chai: serikali ilitusahau.

Mimi jibu hilo sikubaliani nalo. Serikali haikutusahau hata siku moja. Ilikuwa hapa na bunduki. Shule za serikali zenye ua mrefu kabisa katika mji huu ni za askari, kile cha askari wa miguu na kile cha wahandisi wa vita. Pesa za kujenga zilikuwako. Ninachotaka kueleza ni namna pesa za kujengea vyuo vikuu zilivyokuwa zikitafutwa nchini Kenya kwa miaka sabini, maana kila njia iliyotumika, iwe ruzuku, harambee, mkopo au karo, ilianza kwa kumuuliza mtu swali lile lile: una nini tayari?

Kwanza hilo jina letu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido walipokuwa safarini kuzungumza na watu juu ya kubaki Kenya. Leo ana wadi Isiolo na ana mtaa katikati ya Nairobi, unaopita kando ya maktaba ya McMillan. Wanafunzi wengi wa vyuo vya jijini wameukanyaga mtaa huo bila kujua ni wa nani. Mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa katika eneo lote la kaskazini. Haikuondolewa hadi 1991. Shika hiyo miaka miwili kichwani, 1963 na 1991, kwa sababu ndani yake ndimo vyuo vikuu vya Kenya vilipopata mizizi.

Mbegu yenyewe ni ya kikoloni. Serikali ya Waingereza ilikuwa na mpango wa chuo cha ufundi na biashara Nairobi tangu 1947, na hati ya kifalme ikatoka 1951. Wakati huo huo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichangisha pesa kujenga chuo chao cha kumkumbuka Gandhi. Ingekuwa kichekesho kuwa na vyuo viwili katika mji ambao haukuwa na hata kimoja, kwa hiyo pande hizo mbili zikaunganisha mifuko yao mwaka 1954, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1956. Mpaka leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina jengo linaloitwa Gandhi. Wengi hudhani ni heshima tu kwa mtu mkubwa wa India. Kumbe ni kama risiti: jamii iliyokuwa na maduka na benki ilileta hela mezani, na waliokuwa na dola wakaweka zao juu yake.

Uhuru ulipokuja, utaratibu huo haukubadilika, ila uliandikwa vizuri zaidi. Waraka Namba 10 wa 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika, ulisema waziwazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali ambapo zitazaa haraka: penye udongo mzuri, mvua, barabara na umeme. Maeneo mengine yangefaidika baadaye na ziada. Watu wa kaskazini wamelaani waraka huu kwa miaka mingi, na wana haki. Lakini ni kosa kudhani kwamba waraka peke yake ndio uliotunyima. Kilichokuja baada yake kilitunyima zaidi, na kilikuja kikiimba na kucheza ngoma.

Nazungumzia harambee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, na vijana wa sekondari walikuwa wanamaliza shule kwa maelfu bila pa kwenda. Serikali ilisema haina pesa. Basi viongozi wa kila pembe wakaanza kuitisha mikutano ya kuchangia vyuo vya teknolojia. Nyeri walijenga Kimathi. Kakamega walikuwa na WECO. Kisumu ilikuwa na RIAT, Murang'a na chao, Ukambani wakaanzisha taasisi ya kilimo. Yalikuwa mashindano, tuseme ukweli. Wakubwa walikuwa wakipimana nguvu kwa matofali, na kila jamii ilitaka isionekane nyuma ya jirani. Lakini pia ilikuwa kazi kubwa ya watu wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwahi kukalia dawati.

Na walichangaje? Hapa ndipo penye siri. Mchango mkubwa haukutoka kwenye bahasha za jukwaani, ambazo picha zake huwa gazetini. Ulitoka kwenye makato. Mkulima wa kahawa wa Nyeri alikuwa mwanachama wa ushirika. Kahawa yake ilipouzwa, ushirika ulikata senti kadhaa kwa kila kilo kabla hajalipwa, na senti hizo zikaenda chuoni. Mwalimu na karani walikatwa kwenye mshahara. Mchango ulikuwa wa hiari, ila risiti yake ilikuwa ya lazima, na chifu alijua nani hajalipa. Mfumo huo unahitaji vitu vitatu: zao linalopita kwenye mzani mmoja, ofisi inayoshika daftari, na watu wengi wenye mshahara.

Sasa rudi Isiolo ya miaka ile ile. Vita vya shifta vilikuwa vimemalizika 1967, lakini watu walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, kule Garba Tulla, Merti na kwingineko, na mifugo ambayo ndiyo ilikuwa benki yao ilikuwa imeuawa, imechukuliwa au imekufa kwa kukosa malisho. Jamaa aliyekuwa na ng'ombe wa kujaza bonde alibaki akingoja unga wa msaada. Ng'ombe waliobaki walipitia karantini ya serikali kabla ya kushuka kusini kuuzwa. Kutoka nje ya wilaya kulihitaji ruhusa. Nani angekata senti ngapi, kwenye nini? Hata mzani wenyewe haukuwa wetu.

Kwa hiyo harambee haikutubagua kwa chuki. Ilizidisha kile kilichokuwepo, na sifuri ukiizidisha mara yoyote unajua unapata nini. Halafu ikapita miaka thelathini, na vile vyuo vya senti za kahawa na miwa vikawa ndivyo serikali inavyovipandisha cheo. WECO ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka 2007. Kimathi ikapata hati Desemba 2012. Chuo cha Meru pale Nchiru na kile cha Ukambani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki, vikafuata 2013. Murang'a, 2016. Tandika ramani ya harambee za zamani chini na ramani ya vyuo vikuu vya leo juu yake, uone jinsi zinavyolala pamoja. Kati ya vyuo hivyo vya wananchi vilivyokua vikawa vyuo vikuu, hakuna hata kimoja kilichoanzia Isiolo, Marsabit, Wajir au Mandera.

Kuna jambo jingine ambalo wasomi hulipita haraka, nalo ni hati ya shamba. Wazee wa Njuri Ncheke waliweza kutoa ekari 641 pale Nchiru, na ardhi iliyopimwa inaweza kuandikwa jina la chuo, na chuo chenye ardhi kinaweza kuzungumza na benki. Ardhi ya Isiolo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya amana, mikononi mwa halmashauri ya wilaya, bila hati, na serikali ilipohitaji uwanja wa kulengea shabaha ilijikatia. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilikuja 2016, na kuandikisha kwenyewe kunakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Hata kama angetokea Mborana tajiri mwenye moyo wa Gandhi, angeanza kwa kutafuta mahali pa kuweka jiwe la msingi ambapo hapana kesi.

Turudi kwenye pesa kubwa. Mwaka 1981 tume ya Colin Mackay, Mkanada, ilipendekeza chuo kikuu cha pili, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984 kule Kesses karibu na Eldoret. Juja ilipata chuo kwa msaada wa Japani. Kisha mfumo wa 8-4-4 ukamwaga wanafunzi wake wa kwanza milangoni mwa vyuo mwaka 1990, na wale wa mfumo wa zamani walikuwa bado wako ndani. Vitanda vikapangwa hadi kwenye vyumba vya kusomea. Hazina haikuwa na uwezo, Benki ya Dunia ikakubali kukopesha sekta ya elimu mwaka 1991, na moja ya masharti lilikuwa kwamba wanafunzi na wazazi wachangie gharama. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, ikaundwa kwa sheria ya 1995.

Angalia kilichotokea hapo, maana wengi hawakuona. Mpaka wakati huo deni la kujenga lilikuwa la taifa, yaani la sisi sote kupitia kodi. Sasa sehemu yake ilihamia kwa kijana mmoja mmoja. Na mwaka huo huo wa 1991 ndio hali ya hatari iliondolewa kaskazini. Tulifunguliwa mlango siku ambayo kiingilio kilianza kulipishwa.

Baada ya hapo ikaja neema ya ajabu. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuchukua wanafunzi wa mpango sambamba, wale wa kujilipia karo kamili, na vingine vikaiga. Kwa mara ya kwanza wakuu wa vyuo walikuwa na pesa ambazo hawakuziomba Hazina. Wakapangisha maghorofa kila mji wenye stendi ya basi, na wakaanza kujenga. Serikali nayo ikaona vyema: vyuo vikuu vya umma vilikuwa 7 mwaka 2007, vikawa 22 kufikia 2013, vingi vikipewa hati katika wiki za mwisho za Rais Kibaki. Mikataba ya ujenzi ilisainiwa kwa hesabu kwamba wanafunzi wa kujilipia wataendelea kumiminika. Mjini Nairobi mnara wa chuo ukapanda ghorofa zaidi ya 20.

Hesabu hiyo ilibomoka kwa mtihani mmoja. Mwaka 2016 udanganyifu katika KCSE ulizibwa, na waliopata alama ya C+ na zaidi wakawa chini ya 90,000, ambao wote serikali iliweza kuwachukua yenyewe. Wa kujilipia wakayeyuka. Lakini kontrakta hayeyuki. Saruji ilikuwa imeshamwagwa, riba ilikuwa inahesabiwa, na kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akawa anaandika habari za majengo ya vyuo yaliyosimama nusu, nondo zikiota kutu kama miiba.

Hata mkopo uliokamilisha jengo una visa vyake. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilijengwa kwa mkopo wa mabilioni kutoka China, ikakaa bila wagonjwa kwa muda mrefu, na ilipofunguliwa 2019 ilikuwa imeshatolewa mikononi mwa chuo na kufanywa shirika lake lenyewe. Hospitali inatibu watu, sawa, wala silalamiki. Ila ukimuuliza mwanafunzi wa udaktari wa pale kuhusu jengo walilokopewa, atakuonyesha kwa kidole ng'ambo ya ua.

Kufikia 2023 vyuo vikuu vya umma vya Kenya vilikuwa na madeni yaliyolimbikizwa ya zaidi ya shilingi bilioni 60. Ukisikia hivyo unafikiria benki na makontrakta. Kumbe sehemu kubwa ni makato ya wafanyakazi: pesa za uzeeni, kodi ya mapato, michango ya sako, ambazo zilikatwa kwenye mishahara na hazikufika zilikopelekwa. Mhadhiri anastaafu na kukuta mfuko wake una shimo. Chuo kilimkopa bila kumwambia, bila riba na bila mkataba.

Jirani zetu Tanzania walifanya kitu kinachofanana, ila wao walikiandika. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007 kwenye ukumbi wa Chimwaga, katika nchi kame ambayo hakuna aliyeweza kuisifia udongo wala mvua. Majengo yake yaliinuka kwa mikopo kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF, PSPF, PPF, LAPF na Bima ya Afya wakiwamo. Akiba ya uzeeni ya mwalimu wa Mtwara na nesi wa Bukoba ikawa kuta za chuo katikati ya nchi. Serikali ilichelewa kulipa, na ripoti za CAG zikalitaja deni hilo mwaka baada ya mwaka; mifuko minne ya watumishi ikaja kuunganishwa 2018 ikawa PSSSF, ikiwa na majeraha mengi, na hilo likiwa mojawapo. Sisemi ni mfano wa kuigwa kichwa kichwa. Kucheza na pensheni ya watu ni kucheza na moto. Lakini uamuzi wenyewe naupenda kwa jambo moja: hakuna aliyewauliza Wagogo wana nini tayari. Dola iliamua mahali, kisha ikatafuta pesa. Kwetu pesa ndiyo iliyotafuta mahali.

Mtu ataniambia, si sasa kuna ugatuzi? Si kaunti ina bajeti? Ina. Ila Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, imeiachia serikali kuu vyuo vikuu. Kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kuna pia Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa miaka 20, na Isiolo iko kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotengwa. Soma kifungu cha 204 uone inatajwa ifanye nini: maji, barabara, afya, umeme. Elimu haikutajwa kwa jina. Kwa hiyo gavana anayeahidi chuo kikuu kwenye jukwaa la Isiolo anaahidi kitu ambacho mkoba wake haumruhusu kununua peke yake, na sisi tunampigia makofi.

Kaskazini ina chuo kikuu kimoja kamili cha umma, Garissa, na hicho hakikutoka kwenye harambee bali kwenye chuo cha ualimu cha serikali kilichopandishwa 2011. Kinathibitisha kwamba dola ikitaka inaweza kuamua mahali. Aprili 2, 2015 magaidi waliua watu 148 mle ndani. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupata hati yake 2017. Wapo waliosema wakati ule kwamba kisirudi, eti gharama ya ulinzi ni kubwa mno kwa wanafunzi wachache kiasi hicho. Ilikuwa ni lile swali la 1965, limevaa magwanda.

Mwaka 2023 karo ya shilingi 16,000 ambayo wengi wetu tuliikuta ilizikwa. Mfumo mpya ukawagawa wanafunzi katika madaraja kulingana na hali ya nyumbani: huyu ufadhili kiasi hiki, mkopo kiasi hiki, baki atoe mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Chini ya mfumo huo karo ni gharama halisi ya masomo, na chuo kinachodaiwa hakina mahali pengine pa kutazama. Binti wa Wabera anayekopa leo anabeba kipande cha deni la hosteli iliyojengwa kabla hajazaliwa, au ya ile ambayo haikuisha.

Jirani yangu hapa mtaani ana binti wa namna hiyo. Barua yake ilifika Agosti, chuo cha mbali, safari ya gari mbili. Waliposoma hadi mwisho wakakuta nafasi za hosteli zimejaa, atafute chumba nje. Jumamosi iliyofuata tulikaa uani kwao chini ya turubai, wazee upande huu na kina mama upande ule, daftari likazunguka. Mimi niliandika nilichoweza. Mzee mmoja ambaye mwaka wa ukame ulimwachia mbuzi sita alitoa mmoja, akasema auzwe Jumatatu kabla bei haijashuka. Mwenye daftari akauliza aandike shilingi ngapi. Mzee akasema, "Andika mbuzi."